Jembe la Kaijage

Ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mparachichi wa kanisani ilipigwa asubuhi, umande ukiwa bado kwenye migomba, na kitongoji kizima cha Omukishenyi, hapa Kamuli, kikanyamaza kusikiliza. Mapigo ya harakaharaka ni moto au mwizi. Mapigo ya polepole, yenye nafasi ya mtu kuvuta pumzi katikati, ni msiba. Haya yalikuwa ya polepole.

Cleophace aliweka kikombe cha uji chini, akainama uvunguni mwa kitanda, akavuta jembe. Hakuuliza amekufa nani. Tangu ahamie huku Kamuli na kupanga chumba, mlio ule ulikuwa ukimwamsha kama jogoo.

"Rudisha jembe," mkewe akamwambia.

"Ni msiba, mama Benitha."

"Nimesikia. Rudisha."

Mkewe, Deodatha, alikuwa amejua tangu jana. Aliiona gari ya Kaijage ikirudi kutoka zahanati polepole mno, na gari ile haikuwahi kwenda polepole hata mbele ya shule. Akamwambia mumewe kwamba aliyekufa ni Bibi Adelgunda, mama wa mwenye nyumba wao, Kaijage. Cleophace akakaa kitandani, jembe magotini, akatazama mlangoni. Tuseme akatazama mahali ulipokuwa mlango. Pale palining'inia kanga tu, ikivutwa na kuachiwa na upepo, na nyuma yake ilionekana miguu ya kila aliyepita uani.

"Nisipokwenda watasemaje?" akauliza.

"Kwani ukienda huwa wanasemaje?"

Jibu walilijua wote wawili.

Kikundi cha kuzikana cha Omukishenyi kilikuwa cha wenye vibanja, watu wenye ardhi yao. Mwanachama akifiwa, wenzake humchimbia kaburi, humtekea maji, humpikia wageni. Mpangaji hakuhesabiwa, kwa kuwa mtu asiye na ardhi hana pa kuzikiwa. Hata hivyo mwenye kibanja aliyebanwa na shughuli aliruhusiwa kutuma mtu, na Kaijage, mnunuzi wa kahawa aliyetoka Muleba na kununua kibanja pale mlimani, alibanwa na shughuli kila alipokufa mtu. Alimtuma Cleophace. Asingekwenda, angekumbushwa kodi. Basi Cleophace alichimba, kwenye jua na kwenye tope, na kaburi lilipokamilika mzee Rwezaura, mwenyekiti wa kikundi, alisimama akatangaza kwamba Kaijage ameshachimba. Wafiwa wakamshukuru Kaijage. Cleophace naye akajipangusa udongo, akarudi nyumbani. Vijana wa mtaani walilipa jembe lile jina: jembe la Kaijage.

Deodatha alijitanda kanga, akatoka, akapita chumba kwa chumba. Aliongea na kila mwanamke kwa sauti ya chini. Aliporudi alimwambia mumewe, "Sasa lichukue. Sote tunakwenda, na majembe tunakwenda nayo. Ila ukifika pale utaukalia mpini."

*

Choo cha vyumba vyote kilikuwa kimoja, na kilikuwa juu ya chemchemi. Hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe, na lingeweza kuelezwa kwa mtoto akaelewa. Masika yaliyopita choo kilijaa, kikafurika, kikateremka kimyakimya na mteremko hadi pale wanawake walipochota maji. Benitha, binti yao, alianza na homa. Wakadhani ni malaria, wakampa dawa ya malaria. Ilipojulikana kuwa ni homa ya matumbo, utumbo ulikuwa umeshatoboka.

Msiba wa mtoto yule uliwekwa uani, mbele ya chumba. Wanawake walikata nyasi wakazitandaza chini, kama inavyofanywa huku, ili waombolezaji wakae. Kaijage akaja, simu sikioni, akaongea mpaka alipomaliza maongezi yake, kisha akamwita kibarua na kumwambia afagie nyasi zile kwa kuwa magari ya kahawa yanaingia. "Msiba wenu mpeleke kwenu," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba kupishwa njia.

Kwao ilikuwa mbali. Deodatha alimpakata mwanawe aliyefunikwa shuka, nyuma ya pikapu ya kukodi, kutoka Kamuli mpaka Nyakakika kwenye kibanja cha babu wa mtoto, na katika kila bonde alimshika kichwa kisigonge bati.

Mtu mmoja tu wa nyumba kubwa ya Kaijage, kule mlimani, ndiye aliyeteremka siku hiyo. Bibi Adelgunda alishuka na mkongojo wake, akakaa chini palipofagiliwa, juu ya udongo, na gauni lake la kanisani. Mwanawe alimtuma kibarua amwinue. Akakataa kuinuliwa mpaka pikapu ilipoondoka.

*

Aliporudi kutoka matangani Deodatha hakulia tena mbele za watu. Alianza kubisha hodi. Mwenzake wa kwanza alikuwa Renatha, mhudumu wa afya wa kitongoji, binti wa pale pale, aliyekuwa amekwisha kusema habari za choo kile mpaka akachoka. Wa pili alikuwa Uwiduhaye, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwuza vitumbua, mwenye mdomo mkali kuliko mafuta ya kikaango chake. Wakakutana siku za kufua, wakajiita Kamati ya Choo. Watu wakacheka. Wakipita dukani waliitwa waheshimiwa wa choo, na kijana mmoja alimwinukia Uwiduhaye na kumpigia saluti.

"Cheka," Uwiduhaye alimwambia. "Ila ukibanwa na tumbo usije kwangu kuazima kopo."

Hawakutaka makubwa. Choo kipya kichimbwe chini ya chemchemi, mle kwenye kahawa ya Kaijage, maana hakuna mahali pengine. Chemchemi izungushiwe. Madirisha yawekwe mbao. Walikwenda kwa mtendaji wa kijiji, naye akawakaribisha viti, akawasikiliza, kisha wakiwa bado wameketi akampigia simu Kaijage na kumwita mkubwa. Kaijage aliahidi kuleta mafundi Jumatatu. Jumatatu ikaja ikapita, ikaja nyingine. Watoto wa pale uani wakawa wanauliza kama leo ni Jumatatu ya kawaida au ya Kaijage.

Mwishowe Deodatha alimfuata mwenyewe kwenye mizani ya kahawa, mbele ya wakulima, akampigia goti na kumwamkia shikamoo kabla ya kuuliza. Kaijage akaitikia, akacheka kidogo na wakulima wale.

"Mama, mbuni unazaa," alimwambia. "Choo kinazaa nini? Siwezi kung'oa kahawa ili watu wapate pa kuchuchumaa."

Wiki ile ile walikuja vijana wawili na nyundo, wakang'oa mlango wa chumba cha Deodatha. Walisema unapelekwa kukarabatiwa.

*

Kwa Kaijage turubai lilikuwa limeshafungwa, na nyasi mbichi zimetandazwa kutoka barazani hadi barabarani, nene, za kuzama miguu. Deodatha alizikanyaga taratibu. Hakuna aliyekuwa na ufagio.

Kisha akauona mlango wake. Ulikuwa umelazwa juu ya matofali kando ya jiko, umefanywa meza, umepangwa sahani za wageni. Aliutambua kwa msumari uliopinda, ule ambao Benitha alikuwa akitundikia begi la shule. Uwiduhaye aliuona pia, akafungua mdomo, lakini Deodatha akamgusa mkono.

Wapangaji waliingia, wakasalimia, wakatoa pole, wakaketi. Mzee Rwezaura alipoulizia wachimbaji, kama ilivyo desturi, hakuinuka mtu. Wenye vibanja walitazama miguu yao. Wengi walikuwa wazee, na wana wao wako Mwanza na Bukoba wakitafuta maisha. Wapangaji na vibarua walikuwa wamekalia mipini ya majembe. Mwenyekiti akauliza tena. Jogoo akawika nyuma ya nyumba, na hata yeye alionekana kujuta.

Kaijage alitoka barazani, kanzu nyeupe, koti jeusi, macho mekundu ya mtu aliyelia kweli. Alimwinamia Cleophace.

"Cleophace, simama," alisema kwa sauti ndogo. "Usiniaibishe mbele ya mama yangu. Mambo ya mlango tutayaongea."

Cleophace alimtazama mkewe. Kisha akasema, "Pole kwa msiba, baba mwenye nyumba. Mimi si mwanachama."

Mzee Rwezaura hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwauliza wenye vibanja, mmoja mmoja kwa jina, ni nani alimwona Kaijage akichimba kaburi kwake. Mjane mmoja alisema kwamba mumewe alizikwa kwenye mvua, na aliyekuwa shimoni ni huyu mume wa mama Benitha. Mwingine akasema kwake ni yeye huyo huyo. Iliendelea hivyo mpaka ikawa kama litania ya kanisani, na Cleophace aliyekuwa akisikia jina lake likitajwa msibani kwa mara ya kwanza hakujua aweke wapi mikono yake.

"Basi sisi deni letu liko kwa Cleophace," Rwezaura alisema. "Kwako, mwanangu Kaijage, sioni deni. Waitu, mwenzetu, nisamehe, na mama yako alikuwa rafiki yangu."

Kaijage alipiga simu. Baada ya muda ikaja pikipiki na vijana wawili wa kukodi na majembe mapya. Walishuka, wakautazama umati ule ulioketi kimya juu ya mipini yake, wakaulizana kwa macho. Wakavua kofia, wakatoa pole kwa ustaarabu kabisa, wakapanda pikipiki ile ile wakaondoka.

*

Wanawake wa kamati walikutana nyuma ya jiko, kwenye migomba. Uwiduhaye alikuwa akichekea kwenye kanga. Renatha hakucheka. Aliuliza wamwombe nini, maana sasa mtu yule angekubali lolote.

"Asiombwe kitu," Deodatha alisema. "Ampakie mama yake. Ampakate kwenye gari ampeleke kwao Muleba, na kila bonde amshike kichwa. Ndicho ninachotaka. Choo chake akae nacho."

Alilisema bila kupandisha sauti, na Uwiduhaye akaacha kucheka. Deodatha alikuwa amelilea jambo hili kama mtu anavyolea moto chini ya majivu. Kila usiku kanga ile ya mlangoni ilipopepea, aliongeza kijiti. Sasa moto uko tayari, na nyama iko hapa, na huyu anamwuliza habari za choo.

"Na Jovin?" Renatha aliuliza. Jovin ndiye mtoto aliyebaki, wakati ule alikuwa mgongoni mwa mama yake, amelala. "Kesho atakunywa maji gani?"

Renatha akamsogelea.

"Kuna jambo jingine, na si la kutangaza. Bibi hakufa kwa uzee. Nilimpelekea dawa mimi. Ni tumbo lile lile. Si unajua alikataa maji ya tenki, akasema yana ladha ya bati? Alikuwa akinywa ya chemchemi."

Deodatha alijua. Aliyekuwa akimtekea maji yale kila jioni, kabla hajaugua, alikuwa Benitha. Alipanda nayo mlima na ndoo ndogo ya rangi, na kurudi na ndizi mbivu mkononi, na Bibi akimfuata kwa macho mpaka afike chini. Maji yale yale, katika nyumba zote mbili. Kaijage hakuyanywa, alinunua ya chupa.

Akamkumbuka mwanamke mzee aliyekaa kwenye udongo na gauni la kanisani. Hasira haikupungua. Nisidanganye kwamba ilipungua. Ila ilikuwa imesimama kama maji kwenye tuta, na sasa ikapata mfereji.

Alimrekebisha Jovin mgongoni, akarudi uani, akasimama katikati ya nyasi.

"Wazee wangu, shikamooni. Kaburi la Bibi tutalichimba, kwa sababu ya Bibi. Ila jembe la kwanza halitakuwa letu. Mzee Kaijage ataanza kuchimba choo, pale kwenye kahawa, kwa mikono yake. Jembe lake likiingia ardhini, na ya kwetu yataingia. Akipumzika, tutapumzika."

Watu walipumua kwa pamoja. Kaijage akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kumwambia kwamba huu ni wendawazimu. Mchungaji alifungua kitabu chake, akakifunga.

"Choo nimekubali," Kaijage alisema. "Mbele ya watu wote hawa nimekubali. Nitaleta mafundi Jumatatu."

Aliyecheka kwanza hakujulikana. Msibani watu hucheka kwa kujificha, lakini kicheko hiki hakikujificha. Kilitoka kwa wapangaji, kikapita kwa vibarua, kikawafikia wazee wenye vibanja, na hata wageni wa Muleba ambao hawakuelewa kisa chake waliinamisha nyuso. Kaijage alisimama katikati yake na kanzu yake nyeupe. Pengine ndipo alipojua kwamba watu hawa walikuwa wakimcheka miaka yote, na kwamba alichokuwa akikisikia kama heshima kilikuwa kikohozi cha kuficha kicheko.

Alivua koti. Hakuna aliyempokea, akaliweka juu ya zile sahani za wageni. Akauliza, bila kumtazama mtu, nani atamwazima jembe.

Cleophace aliinuka, akampa lake.

"Chukua hili, baba mwenye nyumba," alisema. "Lina jina lako tayari."

*

Mbuni wa kwanza uling'oka kwa shida. Kaijage aliuvuta, akauchimbua mizizi, akauvuta tena, na punje mbichi zikamwagika kwenye kanzu. Juu, karibu na nyumba, majembe ya wapangaji yaliingia ardhini kwa kishindo kimoja. Cleophace aliazima jembe la jirani akawa wa kwanza kushuka shimoni, safari hii kwa jina lake.

Hivyo Bibi Adelgunda alichimbiwa huku mashimo mawili yakisikilizana. Jembe la Kaijage liliponyamaza, yale mengine yalinyamaza, na ukimya ule ulitembea mpaka kwenye jeneza sebuleni, na binti zake wakatoka kuchungulia. Likianza, yakaanza. Mikono iliyozoea mizani haijui mpini. Malengelenge yalitoka upesi, yakapasuka upesi. Mtu mmoja alitaka kumpelekea maji. Deodatha akauliza ni maji ya wapi, na yule mtu akayarudisha.

Yeye alisimama ukingoni muda wote. Shimo lilipomfika kiunoni, Kaijage alisimama, akaegemea mpini, akamwinulia macho.

"Inatosha?"

"Mwanangu alikuwa na urefu gani?" Deodatha aliuliza.

Kaijage hakuelewa.

"Alipita mbele ya mizani yako kila jioni na ndoo ya maji ya mama yako. Mbele ya macho yako. Nakuuliza, alikuwa akifika wapi? Hapo kiunoni? Au kifuani?"

Kaijage alifikiri. Alijaribu kweli, ilionekana usoni jinsi alivyokuwa akimtafuta mtoto yule barabarani, kati ya magunia na magari, na hamwoni.

"Sijui," alisema.

"Chimba."

Alichimba. Udongo ulibadilika ukawa mwekundu, mzito. Uso wake ulilowa, na kama lilikuwa jasho au machozi Deodatha hakutaka kujua. Alikuwa amedhani atafurahi. Alichokipata hakikuwa furaha. Kilikuwa kitu kigumu, cha kusimamia, kama jiwe chini ya mguu katika tope. Akakisimamia.

Shimo lilipofika kifuani sauti ya mzee Rwezaura ilitoka kule juu, ikisema kaburi liko tayari na mfiwa anasubiriwa. Kaijage alitupa jembe juu, akajaribu kupanda. Kingo zikabomoka. Akajaribu tena, akateleza. Watu walikuwa wameshaelekea kaburini, na pale ukingoni alikuwa amebaki Deodatha peke yake na mtoto mgongoni. Kaijage akanyoosha mkono, kiganja wazi, kimevimba, kina damu.

Deodatha aliuangalia mkono ule. Kisha akaokota jembe, akashika upande wa chuma, akamteremshia mpini.

Alimvuta mpaka akatoka.

*

Kwenye mazishi Kaijage alisimama mbele na kanzu yenye tope, na ndugu aliyesoma wasifu wa marehemu alipofika kwenye habari za ugonjwa akasema uzee. Kaijage hakumsahihisha. Alitazama mikono yake tu. Renatha alimtazama Deodatha, na Deodatha akatikisa kichwa: hilo nalo lina siku yake.

Zamu ya kutupa udongo ilipofika kwa wapangaji, Deodatha hakuinama kuchukua uliolundikwa kando ya kaburi. Ngumi yake ilikuwa imefumbwa tangu alipochota udongo wa shimo la choo, kule kwenye kahawa, baada ya kumvuta Kaijage. Aliifumbua juu ya jeneza, udongo mwekundu ukaanguka, na waliokuwa karibu walimsikia akisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mama mkwe, "Bibi, huu mwanao ameuchimba mwenyewe."

Watu walipoanza kutawanyika alikwenda jikoni. Aliliondoa koti jeusi la Kaijage, akalitundika kwenye msumari wa turubai. Akaziondoa sahani moja moja, akazipanga juu ya nyasi. Wenye jiko walimpisha. Akamwita Cleophace, wakaushika mlango, huyu mbele huyu nyuma, wakaupitisha katikati ya wageni.

Barazani Kaijage alikuwa ameketi, viganja juu ya magoti kama vitu visivyo vyake. Walipomfikia Deodatha alisimama, na Cleophace, kwa kuwa walibeba kitu kimoja, akasimama pia.

"Pole kwa msiba, baba mwenye nyumba," Deodatha alisema. "Shimo bado. Kesho si Jumatatu, lakini uje."